Jobst Ehinger, Mpasuaji Aliyemwinua Walburga Kwenye Barafu

Mchungaji Wendelin, dada yangu Apollonia, wapwa zangu, majirani, nanyi wajumbe wa baraza mliokuja kuhakikisha kwamba marehemu hagongewi kengele: nimepewa nafasi ya kusoma maisha ya marehemu, na nitayasoma yote.

Kwa wasionijua, mimi ni Kilian Stober, mchapaji. Marehemu alikuwa shemeji yangu. Haya ninayoyasoma yatachapwa pia, na kila nyumba ya Brennach itapata nakala yake, hata zile zisizoitaka. Jana katibu wa baraza alifika karakana kwangu, akasimama katikati ya karatasi zilizoanikwa, akaniomba niondoe aya mbili. "Si kwa ubaya, Bwana Kilian," alisema. "Msibani watu husameheana." Nikamuuliza ni nani anayemsamehe nani. Aliondoka na wino kwenye kiwiko, na aya hizo mbili nimezipanga kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote.

Marehemu Jobst Ehinger alizaliwa tarehe 14 Septemba 1589 kwenye kinu cha maji kilicho chini ya mji huu, akiwa mtoto wa tatu wa Endres Ehinger, msagaji, na mkewe Kunigunda. Alibatizwa katika kanisa hili hapa, kwenye birika la mawe ambalo wengi wenu mlibatiziwa. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba tangu akiwa mdogo hakuweza kumpita kuku mwenye mguu uliovunjika. Alimfunga vijiti, akamwekea nafaka karibu, na mwisho wake kuku akapona na kukataa kabisa kuliwa, maana Jobst alilia kila kisu kilipochukuliwa.

Alisoma katika shule ya Kilatini ya mji kuanzia mwaka 1596. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Mwalimu wake alimwambia baba yake kwamba kijana ana kichwa kizuri ila hakitulii kitini. Mwaka 1603 alipelekwa Ulm kujifunza unyozi na upasuaji, kazi ambazo kwetu hufanywa na mtu mmoja na kusimamiwa na chama kimoja. Alipohitimu alitembea kama vijana wote wa kazi wanavyotembea: Strasbourg, Basel, na miaka kadhaa nyuma ya majeshi, ambako aliona watu wakikatwa miguu na mishipa yao kuchomwa kwa chuma cha moto. Huko ndiko alikojifunza kufunga mshipa kwa uzi badala ya kuuchoma. Aliniambia siku moja, "Shemeji, harufu ile ya chuma niliinusa mara moja, nikasema lazima kuna njia nyingine."

Alirudi Brennach mwaka 1614, akapokewa katika chama cha vinyozi na wapasuaji, na beseni lake la shaba likatundikwa mlangoni ili kila mtu ajue kuwa hapo ndipo kwa Bwana Jobst. Wazee mnakumbuka kisa cha meya wa wakati ule. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Jobst, shavu moja limenyolewa, jingine limejaa povu, mara ikaletwa habari kwamba mwashi ameanguka kutoka kwenye mnara. Jobst aliweka wembe chini akatoka mbio.

"Na mimi je?" meya alipiga kelele.

"Wewe hutakufa kwa ndevu, mheshimiwa!"

Meya alingoja, akachoka, akavuka soko na nusu ya ndevu zake. Mwashi aliishi. Meya naye, ni lazima nimsifu, alicheka mpaka akashika tumbo, na hakwenda kwa kinyozi mwingine maisha yake yote. Watu wa namna hiyo waliwahi kuliongoza baraza hili.

Tarehe 7 Mei 1616 marehemu alifunga ndoa na dada yangu Apollonia. Walikutanishwa na jino. Plone, ndivyo tunavyomwita nyumbani, alikwenda shavu limevimba, akang'olewa, akamwambia, "Kama umeng'oa lililo zima, nitakurudishia ulimeze." Juma lililofuata akarudi.

"Leo linauma lipi?" Jobst akamuuliza.

"Hakuna. Nimekuja kukagua kazi yako."

Aliendelea kuikagua kwa zaidi ya miaka thelathini. Mungu aliwajalia watoto wanne. Wawili, Endres na Kristina, wamelala hapa karibu na ukuta tangu mwaka wa tauni. Wawili, Ottilia na Sabina, wamesimama mbele yenu.

Sasa nafika kwenye aya ambazo katibu hakuzipenda.

Mwezi Januari mwaka 1631, siku ya soko, kisima cha sokoni kilikuwa kimezungukwa na barafu. Walburga, mke wa Lienhart mnyongaji wa mji, alikuja kuteka maji. Mnajua jinsi anavyoteka: anangoja mpaka wote wamalize, kisha anakaribia. Siku hiyo aliteleza. Mfupa wa mguu ulitoboa ngozi ukatoka nje. Alilia kwa sauti ambayo niliisikia mimi karakana kwangu, na mashine inagonga.

Soko lilikuwa limejaa. Wauza kabichi walikuwepo, wauza soseji, wake za wajumbe na vikapu vyao. Wote walirudi nyuma. Wakafanya duara, wakamtazama. Hakuna aliyemgusa, kwa sababu amri ya vyama vyote vya mji ni kwamba anayemgusa mnyongaji au mtu wa nyumba yake amechafuka, na aliyechafuka hana kazi, hana ndoa, hana mbebaji wa jeneza lake. Mtu anaweza kumlipa mnyongaji amnyonge mwizi wake, lakini hawezi kumpa mkono. Na nitasema jambo jingine, mkitaka nitupieni mawe: nusu ya nyumba za mji huu zina kichupa cha mafuta ya kuchulia viungo nyuma ya kabati, yaliyonunuliwa kwa Lienhart gizani. Mafuta yake hayachafui magoti yenu. Ni mkono wake tu unaochafua.

Jobst alikuwa anarudi kutoka kumhudumia mgonjwa. Aliwasukuma watu, akapiga magoti kwenye barafu. Muuza soseji mmoja akamwambia, "Bwana Jobst, huyo ni nani unajua?"

"Ni Walburga," akasema. "Walburga, shika shingo yangu. Kaza. Nitakuumiza, na unaruhusiwa kunitukana."

Akamwinua mikononi, akavuka naye soko zima, akapitia mlango wa mbele wa nyumba yake, chini ya beseni la shaba. Plone alimshikilia mabega, Jobst akaurudisha mfupa mahali pake. Walburga alimtukana kweli, matusi ambayo dada yangu anakiri hakuwa ameyasikia hata kwa askari. Alilala kwao mpaka majira ya kupanda. Leo anachechemea, lakini anatembea.

Chama kilimwita. Mwenyekiti alikuwa Eucharius Gantz, ambaye bado ndiye mwenyekiti, na amesimama pale mstari wa tatu. Sikuwepo kikaoni, lakini waliokuwepo ni wengi na midomo yao haina kufuli.

"Sema hukumjua," Gantz alimwambia. "Alikuwa amejitanda kichwa. Sema hivyo, wanunulie wenzako pipa la bia, yaishe."

"Nilimjua. Nilimwita kwa jina."

"Basi sema ulidhani amekufa."

"Maiti hapigi kelele vile, Eucharius."

"Jobst, ninajaribu kukusaidia!"

"Hapana. Unajaribu kunisaidia niseme uongo ili nyinyi mpate kulala."

Wakamwondoa. Vijana wawili wa chama walikuja na ngazi wakateremsha beseni la shaba mchana, watu wakitazama. Jobst aliwashikia ngazi isiteleze.

Mkidhani mlimwadhibu yeye peke yake, sikilizeni. Ottilia alikuwa amechumbiwa na mtoto wa mwoka mikate. Mama wa kijana alifika nyumbani na sinia ya keki za asali, akalia kabla hajaketi. "Plone, sina kinyongo," alisema. "Ila mkate wetu utanunuliwa na nani?" Ottilia ndiye aliyejibu. Alichukua keki moja, akaionja, akasema, "Mama, mkate wenu hauna shida na baba yangu. Una shida na chachu." Kisha akaingia chumbani, na kilio chake hakikusikika mpaka mgeni alipofika barabarani.

Mwaka 1634 tauni ilipoingia, uchafu wa Jobst ulisahaulika ghafla. Vinyozi wa chama walifunga madirisha. Baraza lilimtumia mjumbe akamwita "mpendwa Bwana Ehinger", akaombwa apasue majipu ya wagonjwa nyumba kwa nyumba. Alikwenda. Alikwenda hata siku aliyomzika Kristina. Nilimwambia, "Shemeji, kaa na mkeo leo." Akasema, "Plone ndiye aliyenifungia mkoba." Tauni ilipoondoka, baraza likakumbuka tena kwamba yeye ni mchafu.

Majira ya joto ya mwaka 1643 askari walipiga ukuta wetu kwa mizinga. Matthes, mtoto wa Eucharius Gantz, alikuwa zamu juu ya lango, na jiwe lililorushwa na tufe la mzinga likamsaga mguu. Baba yake ni mpasuaji. Ana misumeno mizuri kuliko yote mjini. Lakini alipomwona mwanawe alishindwa hata kufungua mkoba, na kwa hilo simlaumu, nani angeweza? Alimbeba mwanawe kwa mkokoteni mpaka kwa Jobst, akapitia bustanini, akagonga mlango wa nyuma.

"Eucharius, mlango wa mbele uko wazi," Jobst alimwambia.

"Tafadhali. Nitaonekana."

Jobst akamtazama mtoto, hakumtazama baba tena. "Haya, mwingizeni. Matthes, unanisikia? Nakata chini ya goti. Goti nakuachia, utalihitaji kuwachezesha wajukuu. Eucharius, shika huo mguu mzima na usimame hapo."

Alikata. Sabina alimpitishia nyuzi, mshipa mmoja baada ya mwingine ukafungwa. Matthes alipona. Baba yake alishika mkono wa Jobst kwa mikono yake miwili, akalia, akaapa kwamba beseni litarudi mlangoni. Baada ya mwezi aliulizwa, akasema chama hakijakaa kikao. Mwaka ukapita, akasema vita, wajumbe hawatimii. Beseni hilo liko kwenye chumba cha chama mpaka sasa hivi ninapozungumza. Nimeambiwa wanawekea mishumaa.

Lakini uzi mliuchukua. Leo hii kila kinyozi wa Brennach anafunga mshipa kwa uzi, na mgonjwa haungui tena. Mlijifunzia wapi? Mlikuja mmoja mmoja kupitia bustanini, mkakaa jikoni kwa dada yangu, mkanywa mchuzi wake, na Jobst akawaonyesha kila mmoja wenu, juu ya mguu wa nguruwe, mpaka akajua. Hakumkataa hata mmoja. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia, "Hao ni wezi, wanaiba kazi yako!" Akasema, "Shemeji, waache waibe. Wagonjwa ni wale wale." Mimi si mwema kama yeye, ndiyo maana nasema.

Kuhusu ugonjwa wake. Mwezi Januari mwaka huu, akimpasua mkulima jipu la mgongoni, kisu kiliteleza kikamkata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Hakujali. Siku chache baadaye mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko na mstari mwekundu ukapanda. Alijitazama kama anavyomtazama mgonjwa yeyote, akasema, "Huu mkono uondoke, na uondoke leo." Sabina anajua kufunga mishipa kuliko mtu yeyote mjini, lakini hakuwahi kukata mfupa, na mkono ulikuwa wa baba yake.

Dada yangu akaenda mwenyewe kwa Gantz. Sasa alipita mlango wa mbele, akagonga mpaka mtaa ukatoka. Gantz alijibu akiwa dirishani.

"Plone, nionee huruma. Nikimgusa, kesho nani atakuja kunyolewa kwangu?"

"Ndevu!" dada yangu alisema. "Mume wangu anakufa, wewe unanitajia ndevu!"

"Chama kitaniondoa."

"Alimkata mwanao ukiwa umeshika mguu wake! Mikono yako ile haikuchafuka?"

Akafunga dirisha. Dada yangu akaenda kwa wapasuaji wengine wote wa chama. Mmoja alikuwa anaumwa mgongo. Mwingine alikuwa amesafiri, mkewe akasema hivyo, na kikohozi chake kinasikika ghorofani. Nawaomba watu wa mji huu mlishike hili, kwa sababu mtoto wenu akiuliza Jobst Ehinger alikufa na nini, msimwambie alikufa na kidole.

Aliyekuja ni Lienhart. Hakuitwa. Walburga alisikia kisimani, akamwambia mumewe, naye akaja mchana kweupe na kofia mkononi, akasimama kizingitini asiingie.

"Bwana Jobst, kukata najua," alisema. "Kuunga ndiko sijui. Na hao niliowakata mikono, hakuna hata mmoja aliyeniomba."

Jobst, na homa yake ile, akacheka. "Basi leo umepata mteja. Ingia, ndugu yangu, unaingiza baridi. Sabina atafunga. Nami nitawaelekeza mpaka nizimie, na nikizimia msingoje."

Alizimia mwishoni kabisa. Kazi ilikuwa safi. Damu haikumwagika hata ya kuchafua shuka, na Lienhart alitoka nje akakaa kwenye ngazi akilia, mtu aliyezeeka katika kazi ile. Kama ingefanyika asubuhi, Jobst mwenyewe alisema, ingetosha. Lakini asubuhi dada yangu alikuwa anagonga milango. Sumu ilikuwa imeshafika kwapani. Aliishi siku kadhaa zaidi, akaomba mchuzi wa shayiri, akalalamika kwamba Plone amesahau kuutia chumvi, naye Plone akamwambia ulimi wake ndio mgonjwa. Alifariki tarehe 9 Februari 1647, saa za alasiri, kitandani mwake, mkewe na binti zake wakiwa wamemshika. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Asubuhi ya leo jeneza lilikaa mlangoni na hakuna aliyelibeba. Chama kilikataza wanachama wake, na vyama vingine vikafuata. Hivyo dada yangu alishika pembe moja, na binti zake wawili wakashika mbili. Nilipokwenda kushika ya nne, nilikuta imeshashikwa. Matthes Gantz alikuwa amesimama pale na mguu wake wa mti, na bega lake limekwisha kuingia chini ya ubao. Nikamwambia, "Kijana, unajua unachokifanya? Una karakana, una mchumba." Akaniambia, "Bwana Kilian, nenda mbele utuondolee watu njiani." Mlimsikia akipita kwenye mawe ya soko. Nilimwona baba yake akigeuza uso, na sijui aligeuza kwa hasira au kwa aibu. Namwombea iwe ni aibu.

Marehemu ameacha mjane, Apollonia, binti, Ottilia, na mumewe mfinyanzi wa ng'ambo ya mto, aliyemwoa bila kuuliza mkate utanunuliwa na nani, binti, Sabina, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, Margreta, aliye pale kwenye kinu na hawezi tena kupanda mlima, na mimi shemeji yake.

Ameacha pia Lienhart na Walburga. Hao wamo katika orodha kwa agizo la dada yangu, na nimeambiwa niwasome kama ndugu. Hawapo hapa mbele. Wako nje ya lango la makaburi, kwenye theluji, kwa sababu sheria ya mji haiwaruhusu kuingia mtu mwema anapozikwa. Mnaweza kukiona kitambaa cha Walburga kupitia kwenye vyuma.

Basi sikilizeni lililobaki. Sabina amesimama juu ya rundo la udongo, na koleo zote mbili anazo yeye. Mama yake amesema hakuna udongo utakaoshuka mpaka hao wawili wasimame pamoja nasi. Mwenye ufunguo wa lango ni Bwana Ruprecht wa baraza, na Bwana Ruprecht yuko hapa, nyuma ya ule msalaba wa mawe. Bwana Ruprecht, jipu la kwapani mwaka wa tauni ulipasuliwa na nani? Hatuna haraka. Baridi hii ni yetu sote, na marehemu hakuwahi kumkimbiza mtu anayefanya kazi ngumu.

Fungua lango.

Nawe Jobst Ehinger, mume, baba, shemeji yangu: lala sasa, umechoka. Mungu akupokee kwa mikono isiyoogopa kukugusa.